Kijiti cha Senge Yako na Wivu Wangu

Nafula wangu,

Umetoka hapa sasa hivi kwenda kusukwa nywele, na huyo msusi wako namjua: mdomo mwingi, mkono polepole. Kabla hajakumaliza jua litakuwa limeinama. Mimi nimefunga kibanda cha nafaka mapema, nimekaa juu ya gunia la maharagwe, naandika kwa kalamu na karatasi kama mtu wa zamani. Nimekataa kukuandikia kwa simu. Karatasi hakuna fundi hapa Kitale mjini anayeweza kuifungulia mtu mwingine. Cheka tu, nimekuruhusu.

Sitakuambia ufue mapema, wala ule vizuri, wala usitembee na watu usiowajua. Hayo nimekuimbia tangu ukiwa darasa la kwanza, na kama hayajaingia, basi tena. Nataka kukuandikia juu ya wivu. Wivu wangu mimi mama yako. Kesho unaenda chuo Kibabii, na badala ya kukaa kwa senge yako Metrine pale Bungoma, kama ilivyosemwa miaka yote, umetafutiwa hosteli. Sababu unaijua na mimi naijua. Siku ulipoigundua ulisema maneno mawili tu, "Mama, kumbe," ukaingia chumbani, na hujawahi kuniuliza kwa nini. Mtoto akikugombeza unajua pa kushika. Akinyamaza, anakuachia maneno yako mwenyewe uyatafune. Yangu nimetafuna nimechoka.

Nianze na hili: Metrine hajawahi kunikosea. Dada ya baba yako hajaniinulia sauti hata siku moja, na nadhani hilo ndilo lilianza kuniudhi.

Siku uliyozaliwa alifika hospitali kabla ya mama yangu. Mama yangu alikuwa akitoka hapa tu Kiminini, na yeye akitoka Bungoma! Akakuinua, akaangalia dirishani, akasema mvua inanyesha, huyu ni Nafula. Mvua gani, bana? Ilikuwa manyunyu, hata nguo kwenye kamba hazikulowa. Mimi nilikuwa nimelala natafuta nguvu za kusema nataka uitwe Wairimu, jina la mama yangu. Nilipozipata, kila mtu alikuwa anakuita Nafula, baba yako akiwa mbele.

Sikulalamika. Niliolewa kwa Wabukusu kwa miguu yangu mwenyewe, na kwao niliambiwa mapema: msichana akiwa na neno la mwili ama la moyo, hulipeleka kwa senge yake, dada ya baba. Mama atakulisha, atakuvisha, atakuchapa. Lakini yale maneno ya ndani ni ya senge. Nikasema sawa. Ni rahisi sana kusema sawa kabla hujapata mtoto.

Unakumbuka ulipovunja ungo? Mimi nilijuaje? Metrine alitokea mlangoni bila kupiga hodi ya pili, na kikapu mkononi kimefunikwa leso. Kumbe ulikuwa umempigia kwa simu ya baba yako. Mkaingia chumbani, mkafunga mlango. Mimi nikabaki jikoni nageuza chapati na kuwasikia mkicheka. Mama yangu mimi aliniambia mambo hayo mwenyewe, kando ya jiko la kuni, akiona haya na kunitia mimi haya, lakini aliniambia. Nilikuwa nimeyahifadhi maneno yake nikuambie wewe. Niliunguza ile chapati, nikaila peke yangu nikiwa nimesimama.

Nilikuwa na kitu kimoja tu ambacho Metrine hakukigusa: ile soap yetu ya jioni kwenye televisheni. Baba yako akikoroma kwenye kiti chake, mimi na wewe tukifunika miguu blanketi moja, tunamtukana yule mama mkwe mwenye pete nyingi. "Huyo naye!" unasema. "Ngoja tu, atapatikana," nasema. Ikikatwa pale utamu unapokolea, tunapiga kelele pamoja mpaka baba yako anaamka akiuliza nani amekufa. Kesho yake, hapa sokoni, nilikuwa nikipima mahindi huku nikifikiria nitakachokuambia jioni juu ya yule mama mkwe. Lile dishi nililipia mimi kwa jasho la kibanda hiki. Kuna miezi nililipia dishi kabla ya gesi, tukapika kwa makaa, na baba yako nikamwambia mtungi una kasoro.

Halafu Metrine akaja Krismasi na kijiti chake.

Unajua kazi yake, anauza simu na chaja, anabandikia watu glasi za simu. Hayo mambo ameyashika. Akaingia na kikasha kidogo, akatoa kitu kama kidole, akasema, "Mulamwa," ndivyo anavyoniita mimi mke wa kaka yake, "mbona mnalipia upepo? Siku hizi watu wanaangalia bure kwa intaneti." Akakichomeka nyuma ya televisheni, wewe ukamsomea ile namba ya waifai, na picha ikaja safi kuliko ya dishi langu. Sikatai, ilikuwa safi. Baba yako, ambaye kubadilisha balbu ni lazima nimbembeleze wiki nzima, alipanda juu ya paa siku hiyo hiyo akashusha dishi. Sasa jirani analianikia maharagwe. Nikipita hapo naangalia kando.

Wote mlifurahi. Mimi pia nilisema asante, hata nikamfungia mahindi mabichi ya kurudi nayo. Lakini kitu cha bure hakingoji mtu. Zamani tulikuwa tunangoja saa ifike, na hiyo saa ikawa yetu. Sasa kila mtu na saa yake. Ukaanza kuangalia kwa simu, kitandani, na vile vitu vya masikio. Jioni moja nikakaa kwenye kochi na blanketi, nikakuita. Ukaja, mtoto mzuri, ukakaa. Nikakuuliza, "Unadhani huyu ataolewa na nani mwishowe?" Ukasema bila kuinua macho, "Mama, hiyo tulimaliza na Senge. Anakufa."

Tulimaliza na Senge! Ungenimwagia maji ya baridi ningeshtuka kidogo kuliko hapo. Ukarudi chumbani, na mimi nikaendelea kumwangalia yule msichana akichagua nguo ya harusi, najua atakufa, na sina wa kumwambia.

Wanasema hasidi hana sababu. Waongo. Mimi nilikuwa nazo, gunia zima, limeshonwa mdomo.

Basi siku moja redio hapa kibandani ikasema watu wanadukuliwa simu. Wezi wanaingia kwa simu ya mtu akiwa hata hajui, wanasoma meseji, wanaangalia picha. Mtangazaji akasema msifungue vitu msivyovijua, msiweke programu za kuangalia sinema bure kutoka mahali pasipojulikana. Watu walioshika mahindi mkononi wakasema, "Yesu, tumeisha." Na mimi, Nafula, nilifurahi. Mungu anisamehe, nilifurahi kama mtu aliyeletewa silaha mlangoni. Nilisikia "bure" na "sinema", nikasikia kijiti. Kwamba Metrine mwenyewe alikuonyesha programu za kuogopa, kwamba chake alikinunua dukani na risiti yake, hayo nilijua. Nilijifanya siyajui.

Nilikuomba simu yako nikasema nakupelekea kwa fundi aisafishe. Ukanipa. Hukuuliza hata neno, na namba ya siri ukanitajia. Yule kijana wa fundi akaishika, akaniangalia, akasema, "Mama, unataka nisafishe, ama unataka kuona?" Wazazi wengine walikuwa wamemzoesha, naona. Nilikuwa bado naweza kusema safisha. Nilisema kuona. Kabla sijamaliza soda, meseji zako zote zilikuwa zinaingia kwa simu yangu pia.

Sasa nikuambie nilichokiona, kwa sababu hili hulijui, na ndilo linaloniuma kuliko yote.

Nilikuwa natafuta Metrine akinisema vibaya. Nilitamani, aki. Nilipekua kama kuku kwenye takataka. Nikakuta umemwandikia juu ya yule kijana wa kwaya (jina sitaji, nimeshajifunza). Nikakuta umemwambia unaogopa chuo, na kwamba hutaki mimi nijue kwamba umefurahi kuondoka kwa sababu nitalia. Na chini ya kila moja, yeye anakujibu, "Umeambia mama yako?" Kila moja! "Hiyo mwambie mama yako." "Mimi ni senge tu, mama yako ndiye atakaa macho." Mtu mwingine angelia kwa furaha. Mimi nilizidi kuwaka. Hata nafasi ya kuwa mama yako ilikuwa ni yeye ananigawia, tena kwa roho safi, kama mtu anayemkatia mgeni kipande cha nyama. Siku hiyo nilimchukia kwa wema wake. Sijawahi kumwambia mtu hivyo, na ukikua ukaja kumwonea mtu wivu, usishangae ukikuta ni mtu mzuri. Wabaya hatuwaonei wivu, tunawaogopa tu.

Halafu ukaanza kuona meseji zimesomwa kabla hujazifungua. Ukaja kwangu na simu mkononi. Ukakimbilia mama yako, si ndivyo nilivyotaka siku zote? Ningekushika, nikakuambia ukweli hapo hapo, tungelia, tungemaliza. Nikakushika, ndiyo. Nikakupapasa mgongo. Nikasema, "Ni hao wadukuzi wa redioni. Wamepitia kwa kijiti cha senge yako."

Na kwa kuwa nilikuwa nimepata utamu, sikuishia hapo. Siku tulipoenda Bumula kwa kina baba yako, kufungua ile nyumba mpya ya kuka, babu yako, watu wote wakiwa uwanjani na sahani zimeanza kuzunguka, nilisimama. Nani aliniambia nisimame? Nikasema mbele ya kaka zake Metrine na mama yao kwamba ametuletea wezi nyumbani, mtoto analia, simu imeingiliwa, na yeyote aliyechukua kijiti kwake akichomoe kabla hajaibiwa hadi usingizi. Ulikuwepo. Uliona baba zako wadogo wakiangaliana. Mmoja akasema, "Ati! Na mimi nimekipeleka hadi kwa mwalimu mkuu." Metrine aliinuka, akanawa mikono ambayo haikuwa imegusa chakula, akaaga mama yake akaenda.

Mimi si wa huko, lakini nimekaa huko vya kutosha kujua. Binti wa nyumba haondoki kwao na njaa wakati kuku amechinjwa. Bibi yako aliangalia ile sahani ya Metrine kwa muda mrefu. Baadaye watu wakamrudishia vijiti, wengine wakaacha kabisa kununua hata chaja kwake. Akampigia baba yako, akamwambia mtoto atafutiwe hosteli, nyumba yake imeharibika jina, hataki ukakae mahali watu wanasema pana wezi. Na mimi niliposikia hivyo kutoka kwa baba yako, nilipika pilau. Ulikula ukasema ni tamu. Nilikuwa nimeshinda.

Wiki hiyo hiyo ukaingia kwenye simu yako mwenyewe ukipekua, ukakuta imeunganishwa na simu nyingine, na aina ya hiyo simu hapa nyumbani ninayo mimi peke yangu.

"Mama, kumbe."

Nilikufuata mlangoni. Nikakuomba usimwambie baba yako. Ulichonijibu nakibeba hadi leo: "Sitamwambia mtu. Lakini Senge akiniuliza, sitamdanganya." Na kwa sababu ulijua hutaweza kumdanganya, ukaacha kumpigia. Hapo ndipo nilipoanza kukosa usingizi. Nilikuwa nimetaka uniletee mimi maneno yako. Nikaona sasa huleti kwangu, hupeleki kwake. Unatembea nayo tu hapa ndani, unasalimia vizuri, unaosha vyombo, umefunga mdomo. Nilikunyang'anya mtu wa kumwambia, na mimi mwenyewe sikupata hiyo kazi. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, ndivyo wanavyosema, na mimi nilikuwa nimeutia kwa mikono yangu.

Kuna jambo nimejifunza na sitakuambia ulifuate, utaona mwenyewe. Nilidhani moyo wa mtoto ni kama gorogoro la mahindi: nikimwacha Metrine achote, langu litapungua. Nimeuza mahindi miaka mingi, labda ndiyo maana. Lakini ulipokuwa ukicheka naye chumbani, ulitoka ukaja ukala chapati mbili za mkono wangu, ukaniambia Mama ni tamu. Sikukusikia kwa sababu nilikuwa bado nasikiliza kile kicheko.

Sasa nikuambie ya leo, maana baba yako ameshasikia, amenipita akiniangalia kwa jicho, na sitaki uyasikie njiani.

Asubuhi ulipokuwa unafunga sanduku, nilikwenda nyuma ya choo nikaweka sauti yangu kwenye grupu la familia. Lile lote, la Bumula, na binamu wa Nairobi, na bibi yako ambaye husomewa. Nilikosea mbele ya watu, singeweza kulipa kwa kunong'ona. Nikasema: hakukuwa na mwizi. Kijiti hakina kosa. Aliyeingia kwa simu ya mtoto ni mimi, Mama Nafula, kwa wivu, na nikamsingizia Metrine nikijua. Nilisema "kwa wivu" waziwazi, maana nilitaka kusema "kwa wasiwasi wa mzazi" na ulimi ukakataa. Kisha nikakaa pale nikiangalia ile simu. Mtu mmoja akaweka uso wa kushangaa. Mwingine akaweka mikono ya maombi. Ngai! Nilitamani ardhi inimeze na choo chake.

Metrine hakuandika kitu. Alinipigia.

"Mulamwa, ulikuwa unasoma zote?"

"Zote."

"Basi ulisoma nikimwambia akuambie wewe."

"Nilisoma."

"Na bado ukasimama Bumula?"

"Bado nikasimama."

 Nilisikia mteja wake akiuliza bei ya chaja, na yeye akimwambia angoje. Nilingoja anitukane, ningepumua. Akasema, "Mimi na wewe tuna maneno, na si ya simu. Sijamaliza na wewe." Nikasema sawa. Akasema, "Lakini kitanda cha Nafula sijakitoa. Nilishindwa kukitoa. Kesho nakuja kumchukua mwenyewe."

Kwa hivyo huendi hosteli. Baba yako ameshawapigia. Unaenda kwa senge yako, kama ilivyosemwa, na Bungoma mjini hadi Kibabii si mbali.

Usifikiri nimepona. Nilipokata simu nilisikia furaha, na nyuma yake wivu, huyo huyo wa siku zote, amekaa. Kesho atashika sanduku lako upande mmoja na wewe upande wa pili, mtatoka mkiongea, na mimi nitasimama hapo na leso yangu nikiwaonea wivu nyinyi wawili hadi mpinde kona. Usigeuke sana. Ukigeuka nitaangua kilio na atanifariji yeye, na hiyo, mwanangu, sitaiweza.

Ile namba yako ya siri ibadilishe leo. Mpya usinitajie, hata nikikuuliza kwa upole.

Ukifika huko, mweleze senge yako yote. Yule kijana, masomo, hofu zako, mwili wako, hata mimi nisemeni, nimewapa ruhusa. Ni haki yake, na anaifanya vizuri kuliko mimi. Ila nakuomba kitu, na najua sistahili. Nibakizie jambo moja. Liwe dogo, liwe la kipumbavu, mwalimu aliyevaa viatu tofauti, paka wa jirani, lolote. Libebe siku nzima bila kumwambia, kisha jioni nipigie, uniambie mimi kwanza.

Mimi mwenye wivu wako,
Mama